Anayekata Mtandao Abaki na Ufunguo

Siku ya kuniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua ni saa ngapi. Asanteni sana. Nimeitundika sebuleni hapa Ruashi, na wajukuu wanaigombania. Lakini keki ilipokwisha mkaniomba jambo jingine: niandike tulivyokuwa tukifanya kazi zamani, na hasa kile kisa cha kabati namba nne. Naelewa kwa nini mnakitaka. Kila mmoja wenu anakisimulia kivyake, na nimesikia kwamba katika masimulizi ya wale wa zamu ya asubuhi mimi nilipigana na askari wawili. Sikupigana na mtu. Nitaandika ilivyokuwa, na makosa yangu nitayaandika pia, maana yapo.

Niliingia kazini nikiwa na cheti cha umeme na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini, na alituachia imani mbili: ya Kanisa Katoliki, na ile ya kufika kazini kabla ya mkubwa wako. Nikafika saa kumi na mbili na nusu. Mkubwa wangu, Papa Kasongo, alikuwa amefika saa kumi na mbili. Siku hizo mtandao wa kampuni yetu ulipita kwenye sahani moja kubwa ya setilaiti nyuma ya jengo, na mvua ikinyesha mji mzima ulirudi kuandikiana barua. Nilidhani nitafundishwa kompyuta. Papa Kasongo akanipa kitambaa.

"Internet ya hapa iko na baadui babili," akaniambia. "Wa kwanza njo vumbi. Wa pili ni bakubwa. Ule wa kwanza tunaweza kumupangusa. Pangusa."

Nilipangusa kwa wiki mbili. Vumbi la migodi mnalijua, linaingia hata kwenye mawazo. Lakini nilipomaliza zile wiki mbili nilikuwa nimeshika kila waya wa chumba kile kwa mkono wangu, nikijua unatoka wapi na unakwenda wapi. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba hayo ndiyo yalikuwa masomo.

Papa Kasongo hakuwa mtu wa mtandao. Alikuwa fundi umeme wa mgodini kabla ya kuja kwetu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki kule, siku ambayo mtu mmoja aliyeharakishwa na mkubwa wake alirudisha umeme bila kuuliza kama kuna aliyeshika waya. Tangu hapo mgodini kwao kila anayezima kitu anakifunga kwa kufuli yake mwenyewe, anatundika kadi nyekundu yenye jina lake, na ufunguo anauweka mfukoni mwake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifungua, hata mkurugenzi, hata askofu akija kubariki. Papa Kasongo alikuja kwetu na desturi hiyo pamoja na boksi la makufuli. Wakubwa walicheka, na nyuzi za mwanga zilipochukua nafasi ya sahani wakazidi kucheka. Waya zetu hazipitishi umeme, zinapitisha mwanga tu, mwanga hauui mtu. Yeye akawaambia kwamba hawajui nani yuko upande wa pili wa ule mwanga.

Basi kadi yetu nyekundu ikawa na mistari mitatu, nanyi mnaijua: nani anakata, anakata nini, mpaka saa ngapi. Aliyekata anafunga kabati la waya kwa mkono wake na anabaki karibu mpaka atakapofungua. Miaka mingi mimi niliiona ni desturi ya mzee mwenye kinyongo na vidole vyake. Niliitii kwa sababu nilimpenda.

Vifaa vyangu vilikuwa tochi, pamba, chupa ya spiriti, kalamu nene na gundi ya karatasi, ule utepe unaonata wanaotumia wapaka rangi. Hiyo gundi ya karatasi ndiyo dhambi yangu. Uzi ukisumbua nauhamishia kabati jingine "kwa muda", naandika jina lake kwenye kipande cha gundi, nabandika, naenda kula. Ndugu zangu, hakuna kitu kinachoishi muda mrefu Lubumbashi kama kitu cha muda. Shemeji yangu anaishi kwenye nyumba ya muda na watoto wake wameoa humo.

Kuhusu serikali, nitasema kama nilivyoona. Amri za kukata zilikuwepo tangu zamani, na nyingi zilikuja kwa simu. Sauti nzito inasema "Coupez!", yaani kateni, na inakata simu, yenyewe kwanza. Papa Kasongo aliipokea simu, akasema ndiyo Excellence, akaketi, akaendelea na chai. Akiulizwa baadaye alijibu kwamba anasubiri mtu aje kuandika jina kwenye kadi. Mara nyingi hakuja mtu. Mara alipokuja, na karatasi na muhuri, Papa Kasongo alikata bila maneno. Hakuwa mpinzani wa serikali. Alitaka tu amri iwe na uso.

Alipostaafu aliniachia boksi la makufuli, nami nikawa mkubwa wa chumba. Mambo ya vyeo nayaruka, hayana ladha.

Sasa kabati namba nne. Hii ni juzi tu, miezi michache kabla sijaondoka, na Mireille aliyekuwa zamu nami yuko hapo kazini, mnaweza kumuuliza nilipodanganya.

Papa Kasongo wakati huo alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alikwenda kwenye kliniki ya masista, mtaa wa Golf, kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Dawa ya maji inayotumiwa na mashine hizo inatoka kusini kwa lori, kupitia Kasumbalesa. Wiki ile lori lilikwama mpakani. Papa Kasongo alikuwa amekwisha kukosa zamu moja, na jana yake nilipompitia miguu yake ilikuwa imevimba, na aliongea akipumzika kila baada ya maneno matatu. Asubuhi Sista Béatrice, msimamizi wa kliniki, akanipigia: karatasi za lori ziko tayari, forodha wataziingiza kwenye kompyuta leo, lakini lazima zipite kabla ya saa sita mchana, la sivyo lori linalala tena. "Mama Odette," akasema, "bagonjwa ba leo mangaribi habawezi kungojea kesho. Na mukubwa wako iko kati yabo." Nikamwambia mtandao wa Kasumbalesa uko imara, nimeuangalia mwenyewe. Ulikuwa imara kweli.

Saa mbili na nusu akaingia Monsieur Mwenze. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mhandisi wa ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano, tai imekazwa, jasho usoni. Mkononi ana karatasi yenye mihuri miwili. Usiku ule wahuni wa mtandaoni walikuwa wameingia kwenye kompyuta za kituo kimoja kinachogawa umeme. Walikuwa wanazima mitaa na kuiwasha wakiwa mbali, hakuna anayejua wapi. Sheria inairuhusu serikali kukata mtandao katika hatari kama hiyo, na amri ilisema hivyo: kata internet, mkoa mzima.

"Mama, samahani," akasema. "Inafaa tukate yote. Tout. Sasa hivi."

"Sawa, mwanangu. Karatasi iko muzuri, cachet iko. Kamata kadi, andika."

Akaandika jina lake vizuri kabisa. Kwenye mstari wa pili akaandika "internet". Kwenye mstari wa tatu akasimama.

"Mpaka saa ngapi?" akauliza yeye mwenyewe. "Ordre inasema mpaka amri ingine."

"Hapo hapana nafasi ya amri ingine. Iko nafasi ya saa. Na kule juu, internet gani? Hapa iko makabati tisa."

Alinitazama kama mtu aliyekuja kununua mkate akaulizwa ni wa ngano ya shamba lipi. Lakini hakuwa mjinga, na ninamheshimu mpaka leo kwa alichofanya: akavuta kiti. Nikamwonyesha kwenye skrini. Umeme una njia yake, nyuzi zinazopita juu ya nguzo kubwa, na zote zinaingia kabati namba nne. Wahuni walikuwa humo. Nikamuuliza nani anasafisha zile kompyuta. Akasema kuna fundi wao, yuko nje ya nchi, anawaelekeza kwa video.

"Basi ukikata yote, unakata wezi na unakata daktari wa zile kompyuta," nikasema. "Na forodha, na masista, na mama yako."

"Mama yangu iko Likasi."

"Likasi pia ni mukoa huu, mwanangu."

Akatoka nje kupiga simu. Alipiga tatu, akirudi kila mara amelegeza tai kidogo. Mwishowe wakubwa wake wakakubali: kabati namba nne tu, mpaka saa nane mchana. Na akaniongezea jambo moja kwa sauti ya chini. Kule kituoni mafundi wataendesha swichi kwa mikono, na wengine watashika nyaya zenyewe. Kabati likifunguliwa kabla ya wakati, wahuni wanaweza kuwasha laini mtu akiwa ameishika. Miaka yote ile Papa Kasongo alisema hatujui nani yuko upande wa pili, na sasa nilijua.

Tulikata saa tatu na nusu. Mimi nikachomoa nyuzi, Mwenze akafunga mlango wa kabati kwa kufuli, akatundika kadi, akatia ufunguo mfukoni. Umeme ukatulia mitaani. Tukapeana mikono kama watu waliooza binti. Kisha wakamwita ofisini kwao kutoa ripoti. Kanuni inasema aliyefunga abaki. Lakini alikuwa na adabu, akasema ni dakika ishirini tu, nami nilikuwa na furaha. Nikamwambia nenda. Hilo ni kosa la pili. La kwanza nilikuwa nimekwisha kulifanya, ila sijalijua.

Saa nne na robo Sista Béatrice akapiga simu. Forodha ya Kasumbalesa skrini zimezimika, zote, na karatasi za lori letu zilikuwa za tatu kwenye foleni.

Nikamwambia haiwezekani. Kasumbalesa iko kabati namba saba. Nikaenda namba saba na tochi. Ndani, mahali pa Kasumbalesa, palikuwa na tundu tupu, na chini, kwenye vumbi, kipande cha gundi ya karatasi kilichobanduka zamani, kimeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: "Kasumbalesa – namba 4 – kwa muda".

Nilikaa sakafuni. Nilikumbuka siku niliyoihamisha, na hata nilichokwenda kula. Mireille akasema, "Mama, amuka, tumuite Monsieur Mwenze." Tukampigia. Simu inaita, haipokelewi. Tukapiga ofisi kwao, mlinzi akatueleza kwa fahari: kwa ajili ya mashambulizi hayo, simu za wote waliomo mkutanoni zimewekwa kwenye kapu getini. Na hakuna anayeingia kuwasumbua bila karatasi yenye muhuri.

"Ya cachet?" Mireille akauliza.

"Ya cachet, Mama."

Nikaandika karatasi. Niliipiga muhuri wa kampuni mara tatu, mmoja kwa kila hasira niliyokuwa nayo. Mireille akaruka juu ya pikipiki ya manseba, dereva wa bodaboda, wa kwanza aliyepita, nikabaki peke yangu na kabati.

Ilikuwa karibu saa tano. Kwenye droo nilikuwa na koleo la kukatia vyuma. Nilijua kwamba nikiikata kufuli ile naweza kuitoa Kasumbalesa, nikairudisha namba saba, kazi ya dakika mbili. Lakini ndani ya namba nne nyuzi zote ni za manjano, na vibandiko vyangu, baada ya nilichokiona sakafuni, sikuviamini tena. Nikigusisha uzi usio wenyewe, kuna mtu kituoni ameshika nyaya. Nikampigia Papa Kasongo.

Nikamweleza yote, hata la gundi. Nasikia anavyovuta pumzi.

"Kadenasi iko ya nani?"

"Kufuli ni ya yule wa serikali."

"Usivunje, Odette." Akapumzika. "Leo umekwisha kosea mara moja. Ngojea mwenyewe. Mutaangalia bawili."

"Papa, saa sita lori linalala."

"Nimesikia. Ngojea muntu."

Akakata simu. Nililia, sitaficha. Yule mzee alikuwa ananikataza nisimwokoe, kwa kanuni yake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku aliyonipa kitambaa. Saa tano na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya kabati na koleo mkononi. Saa tano na dakika thelathini na tano meno ya koleo yalikuwa yameishika kufuli. Hapo sijui niwaambie nini. Nilikuwa nahesabu mpaka ishirini, nikifika ishirini naanza upya.

Nilisikia viatu kwenye ngazi. Mwenze aliingia mbio, tai begani, vumbi mpaka kwenye nyusi, Mireille nyuma yake anacheka na kuhema. Walikuja watatu kwenye pikipiki moja, yeye katikati. Akaliona koleo. Akatoa ufunguo, akafungua, tukaingiza vichwa viwili kabatini na tochi moja. Uzi wa kwanza nilioushika, yeye akasema, "Mama, ngoja, fuata mpaka mwisho." Tukaufuata kwa vidole mpaka mwisho. Ulikuwa wa umeme. Ndio ambao ningeuchomeka.

Tukaufuata wa pili, ukawa wa Kasumbalesa. Tukaupeleka namba saba, yeye akafunga tena namba nne, na safari hii akakaa kwenye kiti mbele yake, ufunguo mkononi, mpaka saa nane kamili. Tulimletea bukari, ugali wetu, na samaki hapo hapo. Saa sita kasoro dakika nane Sista Béatrice akapiga simu, akapiga kelele bila kusema neno lolote linaloeleweka, na nikaelewa.

Jioni ile nilikwenda Golf. Papa Kasongo alikuwa amelala kwenye mashine, damu inazunguka kwenye mipira, uso umeanza kurudiwa na rangi. Nikamsimulia yote, koleo na lile la uzi wa kwanza. Nikamwambia wewe ulikuwa sahihi, Papa, mimi sikuwa na imani kama yako. Wewe hata ungekufa ungesema ngoja.

Akafumbua jicho moja.

"Odette. Nilikukataza na kinywa, ni kweli. Kisha nikakata simu, nikakamata rozari, nikaanza kumuomba Mungu: Bwana, huyu mutoto hajawahi kunisikia vizuri, fanya leo pia asinisikie."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka mpaka mashine ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio kutukemea wote wawili. Tukanyamaza kama watoto wa katekisimu. Muuguzi alipotoka, akanishika mkono kwa vidole vyake vitatu, na hakuuachia mpaka mashine ilipomaliza.